Kimya cha Fundi Redio

Zamani mtu akinyamaza kikaoni alifuatwa mpaka kwake akaulizwa ana nini; siku hizi anayenyamaza huhesabiwa amekubali, na safari inaendelea bila yeye.

Fundi Redio alijifunza umeme kwa kupigwa na umeme, na kompyuta kwa kufungua zilizokufa. Siku hizi mtu akijua kubonyeza tu anaitwa mhandisi, lakini yeye hakuna aliyempa jina hilo, wala hakulidai. Chumba cha nyuma ya karakana yake ndicho kilichozaa Chekeche, programu huria ya kuchambua takwimu. Huria maana yake msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi: yeyote anausoma, anautumia, na akiona kasoro anairekebisha na kuleta rekebisho lake likubaliwe.

Mwanzoni walikuwa watatu. Fundi mwenyewe, jirani yake Mwalimu wa hesabu, na Dada Karani wa zahanati, ambaye ndiye aliyekuja na balaa lenyewe, yaani majedwali ya wagonjwa ambayo kila mtu aliyajaza kwa mtindo wake. Huyu kaandika umri, yule kaandika "mzee kiasi". Chekeche lilichekecha takataka zote hizo, likatoa hesabu inayoeleweka.

Walikutana chumbani humo kila Jumamosi, juu ya benchi la mbao lililoyumba. Rekebisho lilisomwa kwa sauti na mtu asiyeliandika, kisha kila mmoja alisema, "Kwangu limepita." Asiyesema, amekataa. Na hapo hapakubishaniwa tena. Kesho yake Mwalimu alivaa viatu akaenda kwa aliyenyamaza.

"Sisi hatupigi kura," Mwalimu alikuwa akisema. "Kura humwacha mtu nyuma, na huyo wa nyuma huenda ndiye aliyeliona shimo."

Mara moja aliyenyamaza alikuwa Fundi. Mwalimu alimfuata mvua ikinyesha, kamshika mkono bintiye mdogo, wakaingia karakanani wanachuruzika maji. Mtoto akaketishwa juu ya sanduku la redio.

"Haya, kuna nini?" Mwalimu aliuliza.

"Sijui nisemeje. Sina maneno."

"Ndiyo maana nimekuja. Tuyatafute pamoja."

Waliyatafuta mpaka mvua ikakatika. Kumbe rekebisho lile lingechanganya siku na mwezi katika kila tarehe, na wagonjwa wa Dada Karani wangeonekana wametibiwa kabla ya kuugua. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu, na mtoto pale juu ya sanduku akacheka kwa kuwa baba yake anacheka.

Mwalimu akafariki. Dada Karani akahamia kwa mwanawe, mbali, na magoti hayakumruhusu kurudi. Binti wa Mwalimu akakua, akasoma, akalishika Chekeche, na ukweli lazima usemwe hata kama unauma: lilinawiri mkononi mwake. Mzigo wa data uliokuwa ukitafunwa kutwa nzima sasa uliisha kabla chai haijapoa. Wachangiaji walitoka nchi ambazo Fundi alizijua kwenye ramani tu. Ikaja katiba, ikaja kamati, ikaja ripoti ya maendeleo. Lakini Jumamosi ilibaki, na Fundi aliishi kwa ajili ya Jumamosi. Siku nyingine sita zilikuwa za kuingoja hiyo.

Jumamosi moja vijana wa kamati waliketi kwenye benchi lile lile.

"Babu," alisema mmoja waliyemwita Miwani, "hili benchi nalo ni huria? Kila mtu kalirekebisha na bado linayumba."

"Haliyumbi," Fundi alisema. "Ni wewe hujatulia."

Walicheka. Binti wa Mwalimu hakucheka sana. Alimaliza kusoma ripoti, akasafisha koo.

"Kuna pendekezo moja. Kikao cha Jumamosi kifutwe. Baba mdogo, nisikilize kwanza. Wenzetu wengi wako mbali. Wanasema mambo yao yanaamuliwa katika chumba wasichokiona, na kweli si haki. Kuanzia sasa kila jambo liandikwe mtandaoni, wote walione. Pendekezo litakaa wazi mpaka Ijumaa. Katiba inajulikana: mwasisi mmoja akipinga, linasimama. Asiye na pingamizi hana haja ya kuandika."

Mwasisi aliyebaki kikaoni alikuwa mmoja, na wote walimtazama.

Fundi akanyamaza.

Si kwamba hakuijua katiba. Alisomewa, tena mara mbili. Lakini aliamini kwamba karatasi ni karatasi, na mtoto aliyelelewa na Mwalimu ni jambo jingine.

Wiki ile alifagia karakana, akanunua sukari, akakifuta vumbi kigoda kizuri. Kila viatu viliposikika mlangoni aliinua kichwa. Akaja mwenye pasi iliyoungua, akaja mwenye redio iliyo bubu.

Alhamisi mkwewe, mke wa mwanawe, alichoka kumtazama.

"Baba, si umwandikie tu? Neno moja: sitaki."

"Kuandika anaweza yeyote. Mimi nangoja kuulizwa."

"Na asipokuja?"

"Atakuja. Mtoto yule alikaa pale, juu ya sanduku. Anajua."

"Wazee nyie," mkwe alisema, akachukua kikombe kilichopoa, "mnataka mtu awasome kama gazeti, na nyie mmejikunja."

Ijumaa ikapita. Asubuhi ya Jumamosi tangazo lilitoka: pendekezo limepita bila pingamizi, na shukrani za pekee ziende kwa mwasisi wetu kwa baraka zake.

Walikuja mchana kuchukua kioo kikubwa cha kompyuta na vifaa vya kamati. Binti wa Mwalimu alimshika Fundi mikono yote miwili.

"Nilikuwa na hofu utakataa, Baba mdogo. Wiki nzima nilitaka kuja. Kuna siku nilifika mpaka pale kwa kinyozi, nikarudi. Nikasema nikiingia nitakuwa namshinikiza mzee wa watu. Uliponyamaza mpaka mwisho, nikashukuru."

Fundi alimtazama. Kwa kinyozi ni mlango wa tatu kutoka kwake.

"Au kulikuwa na neno?" binti aliuliza, sauti ikashuka.

Neno lilikuwepo. Lilikuwepo tangu Jumamosi iliyopita. Lakini Miwani alikwisha kulisimamisha benchi ukutani ili kupisha njia, nyaya zimekunjwa, na kule nchi za mbali watu walikwisha kushangilia kwamba nao sasa wamo ndani. Na walikuwa na haki; hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kwangu limepita," alisema, akitazama sakafu.

Binti akatabasamu, akamwachia mikono.

Fundi alisimama mlangoni kuwasindikiza kwa macho. Vijana wawili walivuka barabara wamebeba kile kioo katikati yao, taratibu, kama wanaobeba mgonjwa, Miwani mbele akizuia pikipiki kwa mkono. Binti wa Mwalimu alifuata nyuma na mzigo wa nyaya begani. Alipofika kwa kinyozi alisimama, akageuza kichwa nusu, kama mtu aliyekumbuka kwamba maneno yale mawili aliwahi kuyasikia utotoni, na msemaji wa siku zile hakuwa akitazama sakafu. Miwani akamwita. Akavuka.