Mkono Uliozoea Kuponda

Kengele ya kwanza bado haijalia, na mpishi wa shule tayari ana mwiko mkononi na swali kichwani. Anachoma kiazi kwa kisu, anakitazama, anakirudisha sufuriani.

“Kimeiva,” anasema. “Ila siku hizi sijui kimeiva kwa heri au kwa shari.”

Wanafunzi humwita Mama Mwiko. Zaidi ya watoto mia tatu hula chakula chake kila mchana. Mmoja ni binti wa marehemu dada yake, msichana wa miaka kumi na tatu mwenye kisukari.

“Dada aliniambia, ‘Nakuachia jicho langu.’ Basi jicho halitiwi mchanga.”

Akamtengea mtoto huyo sufuria yake ndogo. Humo alivunjavunja viazi hadi vikalainika kama uji. Pembeni aliweka glasi ya maji ya machungwa yaliyochujwa. Sukari? Hata chembe.

“Mgonjwa hupewa chakula laini. Ndivyo dada alivyonilea.”

Lakini kila baada ya chakula cha mchana, sukari ya mtoto ilipanda. Mama Mwiko akashuku peremende. Akampekua begi, asikute hata ganda.

“Alilia. Na mimi nikajifungia stoo, nikalia.”

Siku mtaalamu wa lishe alipoitembelea shule, alifunua ile sufuria ndogo.

“Mama, nani anakula hivi?”

“Mgonjwa wangu. Sijatia sukari!”

“Wanga wa kiazi hugeuka sukari mwilini. Ukikiponda, kinakimbia kuingia damuni. Kiache vipande, kiwe kidogo, weka maharage na mboga nyingi, kitatembea. Na chungwa ale lenyewe, siyo maji yake.”

“Kiazi kina miguu?”

“Kikipoa, kinatembea taratibu zaidi.”

“Kumbe cha moto adui, cha baridi rafiki, na ni kilekile?”

“Rafiki wa kiasi, mama. Sindano zake za insulini asiache. Vipimo vya dawa yake kliniki wataviangalia upya.”

Mpaka leo Mama Mwiko anatikisa kichwa. Amezoea kwamba adui wa mwenye kisukari ni kitu kitamu. Sasa anaambiwa hata ulaini una hesabu yake.

Neno ambalo hakulitegemea lilitoka kwa mtoto.

“Mama mdogo, mimi hata sikuipenda ile sufuria. Wenzangu waliniita kichanga.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa unaikoroga huku unamtaja mama.”

Mchana unafika. Leo sufuria ni moja kwa shule nzima: maharage, mboga, viazi vya vipande. Mwalimu mkuu amekubali wajaribu muhula huu. Msichana amepanga foleni, anasukumana na wenzake, anacheka.

Mama Mwiko anatumaini kliniki itamfundisha zaidi, maana bado mambo yamemchanganya. Sahani ya mtoto inapofika mbele yake, mwiko unashuka juu ya kiazi, tayari kukiponda.

“Mama mdogo!”

Mwiko unasimama hewani.

“Nimekusikia, mwanangu,” anasema. “Huu mkono ndio haujasikia.”