Kimpira cha Pampu ya Evelyn

Evelyn alikuwa karani wa kutoa mizigo mpakani Holili, akilala Marangu kwa wakwe zake huku mumewe Jesse akipandisha wageni mlimani. Chumba cha kupanga Holili alishapata. Kilichobaki ni kuhama na mwanawe, na hapo ukoo wa Jesse ulikuwa na lake: mtoto wa kwanza akishaachishwa ziwa hulelewa na bibi mzaa baba. Anayenyonya bado ndiye hufuatana na mama yake. Kwa hiyo Evelyn alikamua maziwa yake kwa pampu kila mchana, amejifungia stoo ya ofisi, na jioni akayapeleka nyumbani.

Pampu aliiosha mama mkwe, Mektrida. Siku ya kwanza Evelyn alimsomea onyo la kwenye boksi: kimpira cheupe kisichemshwe, kioshwe kwa maji ya vuguvugu tu. Mektrida aliitikia kwa upole kabisa.

Baada ya wiki kadhaa pampu ikaishiwa nguvu. Evelyn akabadilisha betri. Akanunua mrija mpya, akabana viungo, akakausha kikombe na kukibandika upya kifuani. Wapi. Ilivuta kivivu, maziwa yakapungua, na mtoto, aliyekwisha kuzoea chupa, akawa analitema ziwa.

"Kula mtori maziwa yajae, mwanangu," Mektrida alimwambia mbele ya majirani. "Ng'ombe wangu akikauka namuuza. Wewe nitakuuza wapi?"

Wakacheka, na Evelyn, maskini, akacheka nao. Mimi kicheko kile kinanichefua mpaka leo.

Evelyn alipoipeleka pampu Himo, nesi Priska wa zahanati moja ya huko ndiye aliyekichomoa kimpira na kukiinua dirishani. "Hiki ndicho kinachozuia hewa isivuje. Kimelegea. Nani anakichemsha?"

Evelyn alinunua kingine. Kesho yake, kule stoo, pampu ilivuta kwa nguvu mpaka akauma midomo kwa maumivu. Chupa ilibaki kavu.

Jioni alimkuta Mektrida uani, amempakata mtoto, anamnywesha maziwa ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine imepona?"

"Imepona. Mama, kile kimpira ulikuwa unakichemsha?"

"Kila siku, sufuria moja na makopo yangu ya maziwa." Alimfuta mtoto mdomo taratibu. "Nguo zako nimeshakupangia kwenye begi. Za mtoto nimeziacha kabatini."