Bismillahi Niliyomtilia Salma

Jamani, uso nitauweka wapi? Mjukuu wangu Salma anatengeneza mfumo wa kompyuta wa zahanati pamoja na wenziwe. Faili zao huanza kwa namba, kompyuta izifuate kwa zamu. Mie sikujua. Alipokwenda kusali, nikaona ya kwanza imeandikwa 01. Kazi inaanzwaje bila ya kumtaja Mungu? Nikafuta 01, nikaandika Bismillahi. Salma karudi, kawarushia wenziwe bila ya kutazama.

Kumbe kompyuta hutanguliza namba, herufi baadaye. Faili ya kuanzia ikaenda mwisho, mfumo ukagoma kwenye kikao cha video, bosi wao akiangalia.

"Salma, nani kaandika Bismillahi hapa?" bosi akauliza kwenye skrini.

Salma machozi yanamlenga. Mie nikidhani nasifiwa, nikachomoza kichwa: "Mie, mwanangu! Bibi yake!"