Karai Lisilorudi Tupu

Kwa Awinja, maji hayakuwa maji mpaka yatoke kwenye chemchemi ya bondeni, chini ya nyumba za mtaa wa Shieywe. Ya bomba yalimnukia dawa. Marehemu mumewe ndiye aliyeijengea chemchemi hiyo ukuta wa saruji na kuitilia paipu, na tangu azikwe, kuitunza kukawa kazi ya mjane. Kila Jumamosi alishuka na ufagio, akazibua mtaro, akasugua mdomo wa paipu kwa mchanga.

Aliyeshuka naye ni Mildred, jirani yake mwenye shamba la nduma kwenye kinamasi kilicho juu ya chemchemi. Waliolewa mtaani humo mwaka mmoja, wakaitana kwa majina ya watoto wao. Kati ya nyumba zao kulikuwa na karai moja la bati ambalo hakuna aliyekumbuka ni la nani hasa. Likienda na nduma, lilirudi na maharagwe. Likienda na maharagwe, lilirudi na mayai. Kulirudisha tupu kungekuwa tusi.

Mwaka huu nduma za Mildred zilinawiri kupita kiasi, majani mapana ya kijani kinachoelekea weusi.

"Mama Isaiah, hizi unazilishanga nini?"

"Ni Mungu tu. Kula, uache wivu."

Awinja akacheka, akala. Baadaye utelezi wa kijani ulipoanza kuota kwenye saruji ya chemchemi, alimuuliza Mildred kama maji bado yanafaa.

"Yako sawa," Mildred akamjibu. "Chemsha tu."

Awinja hakuuliza bure. Binti yake, Sylvia, alikuwa amerudi kazini Matete na kumwachia Shantel, mtoto wa miezi mitatu, anayenyweshwa maziwa ya unga. Basi akachemsha. Mtoto alipoanza kulegea, akazidi kuchemsha, sufuria ikatokota mpaka maji yakabaki nusu. Asubuhi moja akakuta midomo ya mtoto imegeuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Akambeba mbio hospitalini.

Mtoto alipopata nafuu, muuguzi aitwaye Christine alimketisha Awinja kando.

"Maziwa unachanganya na maji gani, mama?"

"Ya chemchemi. Na nachemshanga sana."

"Moto unaua viini. Lakini uchafu wa choo ukiozea kwenye udongo unaacha chumvi inaitwa naitreti, na hiyo haifi. Maji yakipungua, yenyewe inabaki, inakuwa kali zaidi. Wewe mtu mzima huwezi kuisikia. Mtoto mchanga, damu yake inashindwa kubeba hewa. Angalia kuna nini juu ya hiyo chemchemi. Uchafu huo unateremka na mito mpaka mto Nzoia unapoingia ziwani, na magugu ya huko yananenepa kwa sababu yake."

Awinja akazikumbuka zile nduma.

Alipotoka akapitia kwa Mildred. Alimkuta Wendy, mke wa Isaiah, peke yake. Wendy akamkaribisha, akamchotea maji ya kunywa. Awinja akaonja. Dawa ya bomba.

"Siku hizi hamchoti bondeni?"

"Tuliacha, mama, tangu lori la kunyonya vyoo lianze kumwaga mbolea kwa nduma. Mama alisema ya bondeni ni ya kuoshea tu. Kwani hakukuambia?"

Awinja akamaliza kikombe, akashukuru, akaenda.

Jumamosi alilibeba karai kwa mikono miwili. Mildred alikuwa mlangoni.

"Mama Sylvia! Mtoto ameamkaje? Na leo umetuletea nini?"

"Maji ya bondeni. Nimeyachemsha, vile ulisema. Kunywa."

Mildred aliyatazama maji, kisha akatazama kando.

"Nilidhani kinamasi kitachuja."

"Ulidhani hivyo, na wewe ukahamia bomba."

"Ningekuambia, ungeita watu wa mtaa. Wangezing'oa nduma zangu zote."

"Ningewaita," Awinja akasema. "Na mtoto asingefika hospitalini."

Alingoja. Mkono wa Mildred haukugusa karai. Awinja akaliweka kizingitini likiwa limejaa, akateremka bondeni. Siku hiyo hakuchukua ufagio. Alichukua kigingi na nyundo. Akakipigilia kwenye mdomo wa ile paipu ya mumewe mpaka maji yakakoma kutiririka, kisha akakaa juu ya saruji akiwangoja wanawake waje na mitungi yao, awaambie kwa nini.