Wayifai Juu ya Mabati

Msinicheke kabla sijamaliza. Wiki iliyopita nilimtembelea rafiki yangu Bahati, anayekaa Ruharo, Mbarara. Alichomeka kidude cha wayifai kwenye kompyuta yake, na mara kwenye skrini tukamuona shemeji yangu Neema, aliyehamia Kanada, akitupungia mkono.

Nikanunua changu siku hiyohiyo. Kurudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, nikamtangazia mama mkwe, "Mama, Jumapili utamuona binti yako."

Jumapili alitoka kanisani na kitenge kipya na kilemba kirefu, akakaa mbele ya kompyuta yangu ya sola. Majirani wakajaa nyuma yake. Nikachomeka kidude. Taa ya buluu ikawaka, lakini mtandao haukuja.

Sikushtuka. Hapa kambini hata simu ikikosa mtandao, tunapanda kichuguu. Basi nikaunga waya mrefu, nikafunga kidude kwenye ncha ya ufito, nikapanda nao juu ya mabati ya nyumba.

"Geuza kwenye Kanada iko!" jirani akapiga kelele.

Niligeuza pande zote mpaka mikono ikachoka. Mwishowe nikampigia Bahati, nikaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Ndugu, ile kidude inapokeaka tu," akasema. "Kwangu kuko mashini mu sebule yenye inaletaka internet. Kwako mashini iko wapi?"

Kutoka juu nilimuona mama mkwe akifungua kilemba chake polepole.

"Shuka, mukwe wangu," akasema. "Utaanguka bure."