Mwalimu Asiyeshika Fimbo

Mama yangu alihitimu msahafu akiwa msichana mdogo, na barua zake zote aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi za kizungu ndizo alizokuwa hazijui. Hospitalini ilibidi aulize kila mlango, na watu wakamhesabu kuwa hajui kusoma. Jambo hilo lilimuudhi.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, nilipata kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, Mwananyamala. Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, Shia, mpole, ambaye Kiswahili chake cha pwani kilinizidi hata mie. Kompyuta yake moja ilikuwa na programu ya kujifunzia kuchapa: herufi inatokea kwenye kioo, unaibonyeza, ukikosea inalia. Siku moja mama yangu aliniletea chakula, akaitazama, akaketi.

"Mbona inaanzia kushoto?" aliuliza.

"Kizungu kinakwenda hivyo, mama."

"Haya. Na mbona nimebonyeza kubwa, imetoka ndogo?"

Nikamwonyesha kitufe cha kutolea herufi kubwa. Tangu hapo akawa anakuja mchana, wateja wakipungua. Mwenye duka alimwekea kiti chenye mto. Nilidhani mama angeona haya mbele ya watu, kumbe wapi. Madarasa ya ngumbaru aliyakimbia zamani kwa sababu mwalimu, kijana wa umri wa mwanawe, alimkaripia.

"Hii nikikosea inalia tu, halafu inaningoja," alimwambia mwenye duka. "Wala haishiki fimbo."

Programu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo alipozizoea herufi nikawa namchapia maneno ya nyumbani: nazi, kitunguu, mkeka. Aliyasoma kwa sauti, kisha akayachapa chini yake.

Mdogo wangu alipoposwa, mama akasema kadi ya mwaliko ataiandika yeye. Alichapa kwa kidole kimoja tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri. Alipofika mstari wa mwisho, umeme ukakatika.

"Maneno yangu yako wapi?"

Nikamweleza kwamba yamepotea. Akajitanda khanga yake, akaondoka bila kuaga. Nilijua basi tena, hatarudi.

Asubuhi nilimkuta mlangoni, duka halijafunguliwa.

"Leo nifundishe kwanza namna ya kuyaweka yasipotee," alisema.

Nikamfundisha, akaichapa kadi upya. Karatasi ya majaribio ilipotoka, aliipitishia kidole polepole, akasimama katikati. "Hapa nimeandika 'pamjoa'," akasema, akarudi kitini kusahihisha. Mie sikuwa nimeliona.

Kadi alizipeleka mwenyewe hadi Boko, na kila alipofika aliisoma kwa sauti kabla ya kuikabidhi. Shangazi yangu wa Msasani akamkatiza: "Wifi, sie kusoma tunajua. Anayeolewa nani, wewe au mwanao?"

Mama akacheka, akaisoma mpaka mwisho.