Pilipili ya Usiku

Jiko la klabu limepakana na ukuta wa spika. Besi ikianza, mifuniko ya sufuria hutetemeka, na anayetaka kuagiza chakula humgusa mpishi begani badala ya kumwita. Kwa miaka tisa mpishi huyo amekuwa mwanamke mmoja mnene, mwenye macho ya mtu aliyekatizwa usingizi. Wote humwita Shemeji, kwa sababu aliyemleta kazini alikuwa bawabu, mdogo wa mumewe.

Hupika kuku wa Kijamaika, aliyelowekwa kwenye viungo na pilipili mbuzi kisha kuchomwa kwa mkaa, pamoja na wali wa maharage na nazi. Mwenye klabu alimpa agizo moja tangu mwanzo: pilipili iwe kali, ili wacheza muziki wa dansihol wakimbilie baa kununua vinywaji. Shemeji akaongeza. Wateja walipozoea, akaongeza tena.

Mwaka huu mwenye klabu alitangaza kwamba atafungua na mchana, ili watu wa ofisini wale chakula huku rege ikipigwa kwa sauti ya chini. Shemeji akaiomba zamu hiyo. Mumewe ni fundi bomba anayetoka alfajiri. Shemeji hurudi jua limeshachomoza.

"Tumeoana na mto," aliwaambia wenzake. "Kila mmoja anaukuta na joto la mwenzake. Nimechoka. Nataka kulala usiku kama binadamu."

Bosi alikubali kumjaribu kwa wageni wachache kutoka ofisi ya jirani.

Shemeji alipunguza pilipili hadi nusu. Akaonja, akaona imepooza, akarudishia kidogo. Hakujiamini, akampelekea mumewe bakuli.

"Vipi, baba?"

"Mbona hivi? Unapikia wagonjwa?"

Akarudishia tena. Hakukumbuka kwamba mume huyo amekula kuku wa klabu miaka yote tisa.

Siku ya majaribio, mhasibu mmoja alitafuna paja, kisha akavua tai. Mwenzake aliomba maziwa.

"Mama, huyu kuku ana kesi na nani?" aliuliza wa tatu, machozi yakimtiririka.

Walicheka, lakini sahani zilirudi jikoni zimejaa.

Shemeji aliomba nafasi nyingine, na kesho yake akachanganya viungo upya mbele ya keshia mpya, ambaye hakuwahi kula pale. Alitia pilipili kidogo kidogo, keshia akionja, mpaka akasema, "Hapo hapo, Shemeji. Usiguse tena."

Bosi naye akaonja, akaridhika.

"Umepimaje?"

"Kwa ulimi wa huyu."

"Na wako?"

Shemeji alichovya kijiko, akalamba. Angeweza kudanganya.

"Kwangu ni maji, bosi."

Bosi akaweka kijiko chini. "Keshia ana kazi yake. Siwezi kuweka mpishi wa ulimi wa kuazima."

"Ulimi wangu umeliwa na agizo lako."

"Najua. Ndiyo maana usiku hakuna anayekufikia."

Shemeji alijifunga aproni, akaanza kukata kuku wa jioni.

Wiki iliyofuata aliajiriwa mpishi wa mchana, dada mwembamba mwenye maswali mengi. Shemeji alimwonyesha viungo vyote, bila kumficha hata kimoja, kisha akamwita pembeni.

"Ushauri ni mmoja, mdogo wangu. Onja, tema. Chakula chako cha kushiba beba kutoka nyumbani."